Deni la chuo na mshahara wa kwanza: namna ya kupiga hesabu kabla ya kusomea utawala wa huduma za afya Marekani

Ukipekua maelezo ya shahada ya utawala wa huduma za afya Marekani, hutakosa kukutana na namba ya dola 117,960 kwa mwaka. Si namba ya uongo. Ni mshahara wa kati wa mameneja wa huduma za afya kufikia Mei 2024, kwa takwimu za BLS, idara ya takwimu za kazi ya Marekani: nusu yao walipata zaidi ya hapo, nusu pungufu. Idara hiyohiyo inatarajia ajira za kundi hili zikue kwa asilimia 23 kati ya 2024 na 2034, wakati ajira zote kwa jumla zinatarajiwa kukua kwa asilimia 3 tu.

Kasoro iko kwenye namna namba hiyo inavyotumika. Huo ni mshahara wa watu ambao tayari wamekalia kiti cha umeneja, na wengi wao walianza kama wauguzi, wataalamu wa maabara au wahasibu, wakapanda ngazi. Anayetoka chuoni na shahada ya kwanza mkononi hakaribishwi kwenye kiti hicho. Ila mkopo wake haungoji apandishwe cheo. Miezi sita baada ya kumaliza masomo, bili ya kwanza inaingia. Kwa hiyo hesabu yote iliyo hapa chini inasimama juu ya mshahara wa kwanza. Ule wa miaka kumi baadaye tuuache kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta mshahara wa mlangoni

Andika kazi tatu au nne ambazo mtu asiye na uzoefu anaajiriwa kweli katika fani hii: mapokezi ya wagonjwa, kuhakiki bima kabla ya matibabu, kufuatilia madai yaliyokataliwa na kampuni za bima, kuratibu ratiba za kliniki, kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Kisha tafuta malipo ya kila moja katika jimbo unalotaka kuishi, maana wastani wa nchi nzima unaficha tofauti kubwa kati ya jimbo na jimbo. Takwimu za BLS zinapatikana bure na zinashuka hadi ngazi ya eneo la jiji.

Kwa kuanzia, wataalamu wa kumbukumbu za wagonjwa walikuwa na mshahara wa kati wa dola 50,250 mwaka 2024, na hapo wanahesabiwa pia wale waliokaa kazini miaka mingi. Anayeanza ategemee chini ya hapo. Hata ndani ya mameneja wenyewe, asilimia 10 ya chini walipata pungufu ya dola 70,000 hivi. Kwa maelezo ya BLS, umeneja huu kwa kawaida unataka shahada ya kwanza pamoja na uzoefu wa kazi. Hiyo miaka ya uzoefu ndiyo utakayokuwa unalipa deni kwa mshahara wa mlangoni.

Nitatumia dola 45,000 kama mfano katika sehemu kubwa ya mwongozo huu. Ukipata namba yako, iweke mahali pake.

Hatua ya 2: Jua deni lenyewe ni kiasi gani

Watu huuliza karo ni shilingi ngapi kwa mwaka wakadhani wamelijua deni. Karo ni sehemu tu. Chukua gharama nzima ya mwaka (karo, malazi, chakula, vitabu, usafiri, bima), toa ruzuku na ufadhili usiorudishwa, toa fedha utakazotoa mfukoni. Kinachobaki ndicho utakachokopa. Zidisha kwa miaka utakayosoma, na uwe mkweli kuhusu miaka hiyo: anayesoma huku anafanya kazi mara nyingi hamalizi kwa miaka minne.

Barua ya msaada wa kifedha kutoka chuoni isome ukiwa na kalamu. Barua nyingi huorodhesha ruzuku, kazi za chuoni na mikopo kwenye safu moja, kisha jumla inaonekana kama zawadi. Piga mstari chini ya kila kitu kinachorudishwa. Mkopo wa mzazi uliotajwa humo ni deni la mzazi wako, na riba yake iko juu kuliko ya kwako.

Mikopo ya serikali kuu kwa shahada ya kwanza ina ukomo. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa bado chini ya wazazi anaruhusiwa dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kila mwaka kuanzia wa tatu. Kwa miaka minne inakuwa 27,000. Anayejitegemea anaruhusiwa zaidi, hadi jumla ya 57,500. Sehemu ya fedha hizi inaweza kuwa ya ruzuku, yaani serikali inabeba riba ukiwa bado darasani; iliyobaki inaanza kuzaa riba siku ileile inapotolewa. Ukiona mpango wako hautoshi bila kwenda benki binafsi, simama hapo kwanza. Benki itataka mdhamini, riba inaweza kuwa ya kupanda na kushuka, na nafuu karibu zote ninazozitaja huko mbele hazihusu mkopo wake.

Kwa msomaji asiye raia: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaweza kuomba mikopo ya serikali. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi. Huyu anabaki na fedha za familia, ufadhili, au benki ambayo kwa kawaida itadai mdhamini mwenye makazi Marekani, na muda wake wa kufanya kazi baada ya masomo ni miezi 12 tu kwa fani nyingi. Kukopa benki kwa kutegemea mshahara wa miezi 12 ni hatari ambayo mimi singemshauri mtu aiingie.

Hatua ya 3: Geuza deni liwe rejesho la mwezi

Dola 27,000 ni namba kubwa mno kuielewa ukiwa na miaka 18. Dola 305 kila mwezi kwa miaka kumi inaeleweka.

Kuna njia ya mkato. Riba ya mikopo ya serikali hupangwa upya kila Julai, na mkopo ukishatolewa riba yake haibadiliki tena. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni asilimia 6.39 kwa shahada ya kwanza na 7.94 kwa uzamili. Kwa mpango wa kulipa miaka kumi, kila dola 10,000 ulizokopa zinakuwa rejesho la takriban dola 113 kwa mwezi kwa riba ya kwanza, na dola 121 kwa ya pili. Benki ikikutajia asilimia 12, ni dola 143. Zikariri namba hizi tatu na utaweza kupima ofa yoyote ukiwa umesimama.

Sasa mshahara. Dola 45,000 kwa mwaka ni 3,750 kwa mwezi kwenye karatasi. Kwa mtu asiye na mwenza wala watoto, kwa kodi za 2025, makato ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee) yanachukua kama 3,440 kwa mwaka, na kodi ya mapato ya serikali kuu kama 3,270. Mkononi unabaki na dola 3,190 hivi kwa mwezi, kabla ya kodi ya jimbo, bima ya afya na akiba ya uzeeni. Katika majimbo mengi vitu hivyo vitakushusha chini ya 3,000. Toa pango. Toa gari, maana hospitali inaweza kuwa nje ya mji na zamu ikaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kisha toa ile 305. Andika kila kimoja kwenye karatasi, kwa bei halisi za mji unaoulenga, uone kinachobaki.

Hatua ya 4: Kipimo cha asilimia nane

Ushauri unaosikika sana ni kwamba deni lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza. Ni rahisi kukumbuka, lakini umelegea mno. Mwenye deni la 45,000 na mshahara wa 45,000 atalipa karibu dola 508 kwa mwezi, zaidi ya asilimia 13 ya mshahara kabla ya makato. Hapo ndipo watu wanapoanza kuchelewesha malipo.

Kipimo kikali zaidi ni kile ambacho wizara ya elimu ya Marekani yenyewe iliwahi kukiweka kwenye kanuni za kupima programu za vyuo: marejesho ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka. Kwa riba ya 6.39 na miaka kumi, hii ina maana kwamba deni lako lisivuke kama asilimia 59 ya mshahara wa mlangoni. Mshahara wa 40,000 unabeba deni la takriban 23,600. Wa 50,000 unabeba 29,500. Wa 60,000, kama 35,400.

Tazama mfano wetu: asilimia 8 ya 3,750 ni dola 300, na rejesho la deni la 27,000 ni 305. Yaani mwanafunzi aliyekopa ukomo wote wa serikali kwa miaka minne, akapata kazi ya 45,000, yuko ukingoni kabisa. Akiongeza hata mkopo mmoja mdogo wa benki, ameuvuka. Akianzia miaka miwili kwenye chuo cha jamii cha bei nafuu halafu akahamia chuo kikuu, anaweza kupunguza deni kwa kiasi kikubwa na shahada ikawa ileile. Katika fani hii sijaona sababu ya mtu kulipia jina la chuo katika shahada ya kwanza, kwa kuwa anayekuhoji kwa kazi ya kuhakiki bima anataka kujua kama unaifahamu mifumo ya hospitali na kama unaweza kuzungumza na mgonjwa aliyekasirika.

Hatua ya 5: Linganisha programu na programu

Tovuti ya serikali ya Marekani iitwayo College Scorecard inaonyesha, kwa kila chuo na kila fani, kipato cha wahitimu na deni la kati walilotoka nalo. Usitazame kipato cha chuo kizima, kwa sababu wahandisi wake wanakipandisha. Ingia hadi fani yenyewe.

Halafu soma namba hizo kwa jicho kali. Zinahusu wanafunzi waliopokea msaada wa serikali tu, na programu ndogo hazionyeshwi kabisa. Tena, programu nyingi za utawala wa afya zinazosomwa mtandaoni hujaa watu wazima waliokwisha kuajiriwa: muuguzi wa miaka 15 kazini anayetafuta shahada ili apandishwe cheo. Kipato chake kinaingia kwenye takwimu za programu ile, nawe wa miaka 19 unadhani ni shahada iliyomlipa. Kwa hiyo piga simu idara husika uulize swali moja: wahitimu wenu ambao hawakuwa na kazi ya afya kabla ya kuja hapa, mwaka jana waliajiriwa wapi na kwa cheo gani? Wakikujibu kwa hadithi ya mhitimu mmoja aliyekuwa mkurugenzi, umeshapata jibu.

Hatua ya 6: Uzamili upigie hesabu yake peke yake

Hapa ndipo deni linapokuwa kubwa, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wanalinganisha mshahara wa mwenye uzamili na sifuri. Ulinganishe na mshahara ambao ungekuwa nao bila uzamili.

Sheria imebadilika pia. Kwa sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025, wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026 hawatapata tena ule mkopo wa uzamili uliokuwa unafika gharama yote ya masomo. Mkopo wa serikali kwa uzamili unakuwa dola 20,500 kwa mwaka, na jumla isiyozidi 100,000. Ukomo mkubwa zaidi umewekewa taaluma kama udaktari na sheria. Utawala wa afya haumo. Programu ghali itakusukuma kwenda benki, na hilo peke yake ni sababu ya kuikwepa.

Tuchukue mfano, namba za kubuni lakini zisizo mbali na uhalisia. Unafanya kazi kwa dola 60,000. Uzamili wa miaka miwili utakufikisha 75,000. Unakopa 20,500 mara mbili, jumla 41,000. Mikopo ya uzamili haina ruzuku, kwa hiyo riba inatembea tangu siku ya kwanza. Hadi bili ya kwanza ifike, karibu dola 5,000 zimeongezeka. Unaanza kulipa deni la 46,000, rejesho dola 557 kwa mwezi. Nyongeza ya mshahara ya 15,000, baada ya makato ya serikali kuu, inakuachia kama 915 kwa mwezi. Kwa hiyo faida yako halisi kwa miaka kumi ni dola 358 kwa mwezi, na kodi ya jimbo bado haijakatwa.

Sio mbaya, kama umesoma jioni huku unafanya kazi. Lakini kama uliacha kazi ili usome muda wote, umepoteza takriban dola 100,000 za mshahara wa mkononi kwa miaka ile miwili. Kwa nyongeza ya 915 kwa mwezi, miaka tisa inapita kabla hujarudisha mishahara hiyo tu, hata kabla ya kuligusa deni. Mtu wa miaka 25 anaweza kuvumilia. Wa miaka 45 afikirie mara tatu.

Ukiamua kwenda, angalia kama programu ina ithibati ya CAHME, chombo kinachothibitisha programu za uzamili za uongozi wa afya. Ina faida moja kubwa ya kifedha: nafasi nyingi za mafunzo ya uongozi yenye malipo katika mifumo mikubwa ya hospitali, za mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu, huzipa kipaumbele programu zenye ithibati hiyo. Nafasi hizo ndizo zinazomrusha mhitimu juu ya ngazi za chini. Kama hulengi njia hiyo, uzamili wa bei nafuu katika chuo cha umma unatosha.

Hatua ya 7: Muulize mwajiri kabla ya kumuuliza mkopeshaji

Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kiasi hicho kuhesabiwa kama kipato chako. Hospitali nyingi zina mpango huo, na mara nyingi hata mfanyakazi wa mapokezi anastahili baada ya muda fulani. Miaka minne ya msaada huo ni dola 21,000 ambazo hukukopa. Soma masharti: baadhi wanataka ubaki kazini mwaka au miwili baada ya kumaliza, la sivyo unarudisha.

Hatua ya 8: Msamaha wa deni usiuweke kwenye msingi

Mpango wa PSLF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2007, unafuta deni lililobaki la mkopo wa serikali baada ya marejesho 120 ukiwa umeajiriwa angalau saa 30 kwa wiki na serikali au shirika lisilo la faida. Hospitali nyingi za Marekani ni mashirika yasiyo ya faida, ndiyo maana mpango huu unawahusu sana watu wa utawala wa afya.

Sasa angalia mtego wake. Kinachohesabiwa ni mwajiri anayekulipa, yule ambaye namba yake ya kodi iko kwenye fomu yako ya mshahara ya kila mwaka. Jengo unalofanyia kazi halihusiki. Hospitali nyingi zimekabidhi kazi za madai, malipo na mapokezi kwa kampuni binafsi. Unaweza kukaa miaka kumi ndani ya hospitali isiyo ya faida, ukiwa na kitambulisho chenye nembo yake kifuani, kumbe mwajiri wako ni kampuni ya biashara na hata mwezi mmoja haujahesabiwa. Kabla ya kukubali kazi, omba namba ya kodi ya mwajiri uiingize kwenye chombo cha kutafuta waajiri kilichopo kwenye tovuti ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Ukishaajiriwa, jaza fomu ya kuthibitisha ajira kila mwaka. Usingoje mwaka wa kumi.

Hatua ya 9: Jaribu mwaka mbaya

Rudia hesabu ukijiwekea mkosi: umepata kazi ya dola 38,000, au umeacha chuo mwaka wa tatu. Wa pili ndiye anayeumia kuliko wote, maana ana deni na hana shahada, na mahakama za Marekani hufuta deni la chuo kwa shida sana hata mtu akitangaza kufilisika.

Kuna ngazi ya chini ya usalama. Kuanzia 1 Julai 2026 mpango mpya uitwao RAP unakadiria rejesho kwa kipato: anayepata kati ya 40,000 na 50,000 analipa asilimia 4 ya kipato, yaani dola 150 kwa mwezi kwa yule wetu wa 45,000. Ni nusu ya ile 305, na riba isiyofikiwa na rejesho inafutwa. Lakini riba ya deni la 27,000 ni karibu dola 144 kwa mwezi. Karibu rejesho lako lote linaishia kwenye riba. Serikali inajazia ili deni lishuke angalau dola 50. Kwa mwendo huo, na mshahara usipopanda, baada ya miaka kumi bado unadaiwa kama 21,000, na msamaha wa mpango huu unakuja baada ya miaka 30. Utumie ukibanwa. Usichague chuo kwa kuutegemea.

Siku ya kusaini

Chuo kikikupa mkopo wa 7,500, huna wajibu wa kuchukua wote. Andika kiasi unachohitaji, hata kama ni 4,200. Na kama ulichukua zaidi kisha ukagundua umebakiwa na fedha, una siku 120 tangu zilipotolewa kuzirudisha, zote au sehemu, bila riba wala ada kwa kile ulichorudisha. Ofisi ya msaada wa kifedha ya chuo ndiyo itakayokuelekeza. Waombe wakuthibitishie kwa maandishi, kisha baada ya wiki chache ingia kwenye akaunti yako ya mkopo uhakikishe salio limeshuka.